Karanga za Jero

Jioni hii nimenunua karanga za jero kwa yule mama wa kona, pale ninaposhukia daladala Nkuhungu. Nimetafuna, nimemaliza, nataka kuitupa karatasi, jicho likagonga mwandiko. Huo mwandiko naufahamu. Hakuna mtu mwingine Dodoma nzima anayeandika saba kama panga lililopinda. Nikaikunjua karatasi taratibu, kama barua ya kuachishwa kazi, nikasoma: "Ondoa faida ambayo haijapatikana kwenye bidhaa zilizobaki ghalani kwa kampuni tanzu." Chini yake mstari mwekundu, na chini ya mstari nimejiandikia mwenyewe kwa herufi kubwa: SIJAELEWA HAPA. RUDIA.

Sikurudia. Na sasa imelowa mafuta na chumvi.

Nikarudi kwa mama wa karanga. Kistaarabu, maana mimi ni mtu wa heshima zangu, kitambulisho cha ofisi kinaning'inia shingoni, shati nimechomekea.

"Shikamoo mama. Hizi karatasi umezipata wapi?"

"Marahaba baba. Kuna watoto wameniletea. Karatasi nzuri hizi, nzito, hazichuji mafuta kama za gazeti."

"Watoto gani?"

"Watoto tu. Wawili. Mmoja hana meno ya mbele."

Kitinda mimba wangu hana meno ya mbele.

Nikamwomba anirudishie zilizobaki. Akanitazama kama nimemwomba kiwanja. "Baba, mimi siuzi karatasi. Nauza karanga." Basi nimenunua karanga za elfu nne. Pakiti nane. Nimekomboa ukurasa wa 12, wa 31, nusu ya wa 47, na mwingine mweupe kabisa ambao kwa kumbukumbu zangu ndio ulikuwa muhtasari wa kodi.

Hali mnaijua, sina haja ya kuwachosha. Kazini Mtumba saa moja na nusu asubuhi, watoto watatu, na CPA, ile mitihani ya kuwa mhasibu kamili. Mitihani ni mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Zabibu zetu za Dodoma nazo huvunwa mara mbili kwa mwaka. Tofauti ni kwamba zabibu kila msimu zinatoa kitu.

Mei inakukuta ofisini watu wameanza kuchanganyikiwa na tarehe 30 Juni, siku ya kufunga mwaka wa fedha. Bosi anakuja mezani saa tisa na nusu, wakati umeshafunga begi, anasema "malizia tu hako karipoti." Hako karipoti kana kurasa sitini. Novemba inakukuta umechoka na Mei.

Nikiamka saa tisa usiku kusoma, mtoto naye anaamka anataka maji. Nikisoma kwenye daladala, jirani yangu wa siti anasoma na mimi, tena ananiuliza kama nimemaliza ili tugeuze ukurasa. Kundi la wazazi la shule kwenye WhatsApp silizungumzii, nitatukana. Kuna kijana wetu ofisini, katoka chuo juzi, chumbani kwake hana hata godoro la maana, kapita masomo yote kwa mkupuo. Ananiita "kaka mkubwa". Sina kinyongo naye. Aliazima kikokotoo changu, cha kubonyeza, siyo kile cha kupigia mafao ya wastaafu, na hajakirudisha, basi.

Halafu wanakwambia mambo haya ya kuandika kila kitu mara mbili, kushoto na kulia, yaliwekwa kitabuni na Luca Pacioli, Muitaliano, kikachapwa Venice mwaka 1494. Nikasema ngoja nimsome huyu bwana, pengine naye alikuwa na familia, atanipa moyo. Mtawa! Hana mke, hana mtoto, hana kikao cha wazazi, hana mchango wa harusi ya binamu. Hata na yeye hesabu hizo hakuzibuni, aliwakuta wafanyabiashara wa Venice wanazitumia. Alichokuwa nacho ni nafasi ya kukaa akaandika. Hata mimi nikipewa chumba chenye mlango unaofungwa nitatoa kitabu.

Lakini ile nusu ya ukurasa wa 47 ndiyo imeniuma, kwa sababu ni ya kilimo, na kilimo nilifundishwa na mama mkwe.

Alikuja mwezi uliopita kutoka Mpunguzi kutibiwa macho. Kwetu nimelelewa kwamba mkwe hakai sebule moja na mama mkwe wakapiga soga, lakini nyumba ya vyumba viwili haijui mila. Usiku ule yeye yuko kwenye mkeka anachagua choroko kwenye ungo, mimi niko kwenye kiti cha plastiki na kitabu, watoto wamelala, mke wangu yuko jikoni. Nilikuwa nimeangalia ukurasa uleule nusu saa.

"Mkwe," akasema, macho kwenye choroko, "hicho kitabu kinakusumbua nini?"

"Kilimo, mama."

"Uhasibu nao una kilimo?"

"Unacho. Kwenye zile kanuni za kimataifa za uhasibu, kipo kiwango cha 41."

Akaweka ungo chini. Mama mkwe wangu ana ekari moja ya zabibu. "Haya. Mzabibu wangu wanauandikaje?"

Nikajiweka sawa kwenye kiti. Hapo nilijisikia mtu. "Shina lenyewe, mama, ni mali ya kudumu. Lipo kiwango cha 16, pamoja na majengo na mashine. Kila mwaka unaliandikia uchakavu."

"Linachakaa? Mwaka jana limenipa kuliko mwaka juzi."

"Kwenye vitabu, mama."

"Ehee."

"Zabibu zikiwa zinaning'inia, hizo ndizo za kiwango cha 41. Mwisho wa mwaka unazipa thamani ya haki, yaani bei ambayo zingeuzwa sokoni siku hiyo, unatoa gharama za kuuza."

"Zikiwa mbichi?"

"Zikiwa mbichi."

"Na nikizikata?"

"Ukishazikata zinakuwa bidhaa. Zinahamia kiwango cha 2."

Akanyamaza. Mbwa wa jirani akabweka mpaka akachoka. "Kwa hiyo," akasema, "mti wangu mmoja una vitabu vitatu, na mimi sina hata kimoja."

Nikamwambia zamani haikuwa hivyo, shina na matunda yote yalikaa pamoja kwenye 41, mpaka Januari 2016 shina likahamishwa.

"Nani aliyelihamisha?"

"Kuna bodi, mama. Iko London."

"Hao wa London wamewahi kupogoa?"

Sikujibu. Akaendelea. Shina likizeeka akaling'oa akauza kuni, inakuwaje? Nikamweleza hilo wamelifikiria: kuuza kuni za shina lililokwisha hakulitoi kwenye kundi lake, ni mabaki tu. Akatikisa kichwa. Nadhani hapo London walipata alama moja.

"Na ng'ombe wangu wa maziwa? Naye simchinji. Ananipa kila siku. Naye yuko na majengo?"

"Hapana, mama. Ng'ombe alibaki 41. Kwa thamani ya soko."

"Kwa nini mzabibu uhame, ng'ombe abaki?"

Nikafungua kitabu. Nikapekua mbele, nikapekua nyuma. Nikakifunga na kidole ndani ili ionekane nimepaona. Yeye kasharudi kwenye choroko zake, anatoa kijiwe, anasema kama anajisemea: "Si kwa sababu ng'ombe nikimpeleka mnadani kesho, mnunuzi yupo? Shina likiwa ardhini, nani atalinunua? Atalibebaje?"

Jamani. Swali hilo lilitoka Mei. Nilijaza kurasa mbili. Sikuandika neno mnada hata mara moja.

Mke wangu kule jikoni sufuria zimeacha kulia. Anasikiliza.

"Dalali akija anataka chake," mama akasema. "Hicho unakitoa?"

"Hicho ndicho gharama ya kuuza."

"Na nauli ya kufikisha zabibu sokoni?"

"Nayo unaitoa."

"Humohumo kwa dalali?"

Nikatazama kitabu. Nauli haikai na dalali. Nauli inatolewa mapema, wakati unatafuta hiyo thamani ya haki yenyewe. Dalali anakuja baadaye. Nikakumbuka nilivyofanya Mei: nilitoa nauli sehemu zote mbili. Kwa hesabu zangu, yule mkulima wa kwenye mtihani alipeleka zabibu sokoni, akarudi nazo nyumbani.

"Na ndege wakila?"

"Thamani inashuka, unaandika hasara."

"Nawaandika ndege?"

"Hapana mama, hasara tu."

"Na mwanao aliyemaliza kichala kizima pale kwangu siku ya Pasaka?"

Jikoni mtu akacheka. Nikasema kwa sauti ya kikazi kwamba hayo ni matumizi ya nyumbani, yanaandikwa kivyake. Mama akakubali. Akachagua choroko kama mbili tatu, halafu akaniuliza lile ambalo mpaka leo nikilala linanijia.

"Na hiyo ada ya mtihani unayolipa kila mara, mkwe. Unaiandika mali, au unaiandika hasara?"

Hapo staha ilinitoka. Nilimwambia mama wa watu maneno ambayo mkwe hapaswi kusema. Nilimwambia mama, mimi nina miaka 39. Somo lililobaki ni moja, MOJA, na hilo moja nimelirudia mpaka wasimamizi wa chumba cha mtihani wananisalimia kwa kuuliza hali ya watoto. Kila mtu hapa mtaani ananiita Mhasibu, kikoba kimenipa daftari, msikitini wamenipa daftari, jirani anataka nimpigie hesabu ya tofali, na mshahara ni uleule wa msaidizi kwa sababu ya somo moja. Nikisoma, watoto wananiona mgeni. Nikicheza nao, kitabu kinanitazama. Jumapili mwanangu wa kati alichora familia, mimi kanichora mgongo. Mgongo, mama! Na balbu!

Nikasimama. Sijui nilikuwa nakwenda wapi, maana hatua mbili tu upo ukutani.

Mama mkwe akakung'uta ungo, akanitazama na lile jicho lililotibiwa, akasema, "Kalale, baba." Asubuhi alipoondoka nilikuta shilingi elfu kumi ndani ya kitabu, kwenye ukurasa uleule wa kilimo, imekunjwa mara nne. Niliichukua kama alamisho kwa siku tatu, siku ya nne ikanunua gesi.

Sasa leo nimefika nyumbani na pakiti zangu nane, nikaita kikao. Watuhumiwa wakasimama mbele ya televisheni. Nikauliza kwa upole: mliuza karatasi za baba?

"Tuliuza zilizoandikwa," akasema wa kati. "Zisizoandikwa tulibakiza, baba, ili uandike."

"Mliuza shilingi ngapi?"

"Buku."

"Buku iko wapi?"

Barafu mbili za mia mia, penseli ya mia mbili, mia tatu wameweka kwenye kopo, mia tatu hawakumbuki. Nikawaambia hiyo mia tatu ndiyo nataka. Pesa haipotei, pesa inakwenda mahali. Tukakaa chini, nikachukua ukurasa mweupe, ule wa kodi, nikachora mstari katikati, kushoto zilizoingia, kulia zilizotoka. Mngeuona uso wa mtoto wa darasa la tatu anayetafuta mia tatu! Tukajumlisha, tukarudia. Yule wa bila meno ndiye aliyeipata: walimpa dada yao anunue vocha, asiseme. Dada mtu yuko mlangoni wakati wote huo, anakula karanga zangu.

Mke wangu akasema nimewaonea, karatasi zilikuwa chini ya kitanda tangu Mei na panya ameshalala humo. Nikamwambia panya hauzi. Akasema basi panya ana adabu kuliko mtu anayetupa masomo yake chini ya kitanda. Nikaona mjadala huu una upande ambao sijajiandaa nao, nikatoka nje kuangalia upepo. Upepo wetu wa mwezi huu mnaujua, ukifungua mdomo kusema neno unafunga ukiwa na mchanga wa Nkuhungu nzima, na nguo ukianika nyeupe unaanua rangi ya chai.

Nimesimama hapo, saa nne usiku, nikasikia bomba linakohoa. Siku ya tano hii. Likakohoa, likatema kutu, likaanza kutoa uzi mwembamba. Mkiona mtu Dodoma anakimbia usiku na ndoo msimuulize kitu. Nikaamsha nyumba nzima, ndoo, madumu, beseni la kuogea mtoto, sufuria ya pilau, hata lile dumu la mafuta ya kula ambalo tulikubaliana halifai. Mke anapokea, mimi nakinga, binti anabeba, wa kati anamwaga mlangoni. Karatasi zangu zilizokombolewa niliziweka mfuko wa nyuma zisilowe, nikainama, nikasikia zimechanika.

Kitinda mimba akaja na kikombe chake kidogo cha plastiki, akasimama kwenye foleni nyuma ya madumu, akanivuta suruali.

"Baba."

"Nini tena?"

"Zile nyingine tulimpa mama wa dagaa."

Dagaa mimi sili, zinanipa kiungulia tangu bweni. Nikamuuliza ni yupi, wa Majengo au huyu wa hapa karibu. Akasema huyu wa karibu, mwenye mwavuli. Huyo mwenye mwavuli anapima kwa kikopo kilichobonyea chini, tumeshagombana naye mara mbili, na mara ya mwisho nilimwambia sitakanyaga kwake tena maisha yangu yote, watu wakisikia. Dumu la tatu likafurika, nikasogeza la nne.