Sindbad Hakungoja Upepo

Kama ulikulia Amu (Lamu) katika nyumba yenye jamaa Arabuni, yumkini ulikutana na Sindbad kabla hujajua kusoma barabara. Simsemi Sindbad wa vitabuni, yule tajiri wa makamo anayewakirimu wageni huku akisimulia safari zake saba. Namsema mtoto wa kwenye katuni, na ndege wake Yasmina begani. Kanda zake za video zilikuja ndani ya masanduku ya wajomba na maami waliokuwa wakifanya kazi Jeddah, Muscat na Dubai, zikazunguka nyumba kwa nyumba kutoka Langoni hadi Mkomani, mpaka picha ikawa inaruka na sauti inakoroma. Hatukujali. Aliyekuwa na deki ya video siku hizo alikuwa na wageni kila jioni, apende asipende.

Karibuni nimeirudia katuni hiyo, kipindi baada ya kipindi, na mpwa wangu wa miaka tisa ubavuni. Nasema bila kusita kwamba ni nzuri kuliko nilivyoikumbuka. Na bado kuna jambo moja ndani yake ambalo mtu wa mji huu hawezi kulipita hivihivi.

Wengi wetu tuliichukulia kuwa ni ya Waarabu. Ilitengenezwa Japani na kampuni ya Nippon Animation, vipindi 52, ikaonyeshwa huko kuanzia Oktoba 1975 hadi Septemba 1976, kisha ikatiwa sauti za lugha nyingi. Iliyotufikia sisi ilizungumza Kiarabu fasaha, kile cha vitabuni na cha taarifa ya habari, na hilo ndilo lililotufungulia mlango. Tulikuwa watoto wa chuo, tumeshika nahau ya mwanzo na sura fupifupi, na hapa na pale sentensi nzima ilitujia kama tunasomewa na mwalimu. Hatukufahamu yote. Tulifahamu ya kutosha kuogopa pale pa kuogopa.

Hadithi yenyewe inajulikana. Mtoto wa mfanyabiashara wa Baghdad ana ami yake, Ali, msafiri mkubwa, ambaye anarudi safarini na ndege anayesema. Ndege huyo kumbe ni binti mfalme aliyerogwa. Mtoto anaingia baharini, anampoteza ami yake, na huko mbele anafuatana na Ali Baba, kijana aliyekulia kwa majambazi, na mzee Aladdin. Kuna watu waliolalamika kwamba hadithi tatu zimechanganywa. Mimi siungi mkono malalamiko hayo. Hadithi zote tatu hazikuwamo katika hati kongwe za Alfu Lela Ulela. Aliyezitia ni Mfaransa Antoine Galland alipokuwa akitafsiri mwanzoni mwa karne ya 18, na ya Ali Baba na ya Aladdin alisimuliwa na Hanna Diyab, Mkristo wa Aleppo. Hao watatu waliingia kitabuni kwa mlango mmoja. Si ajabu wakikutana chomboni.

Kipindi ambacho kila mtu anakikumbuka ni kile cha kisiwa. Mabaharia wanakiona kisiwa kidogo, wanashuka, wanawasha moto, mara ardhi inatikisika. Kumbe ni nyangumi aliyelala. Mtoto aliyezaliwa mbali na bahari huona hayo ni maajabu matupu. Mtoto wa Amu ana mafungu yake. Maji yakipwa, mchanga unatokea peke yake katikati ya bahari, watu wanashuka na sufuria na kuni, samaki anapakwa ndimu na pilipili na kuchomwa, watoto wanapiga mpira. Kisha maji yanageuka. Hayaji kwa kishindo. Mchanga unaanza kulainika chini ya unyayo, vishimo vidogo vinajaa vyenyewe, halafu unaona povu la upande huu na povu la upande ule vinakaribiana, na anayesimamia mashua anaanza kuita watu kwa majina. Muda si mrefu pale lilipokuwa goli pana samaki wanapita. Sote tulikanywa tusilale kwenye fungu. Kwa hiyo Sindbad alipoangukia majini, sisi hatukuona ndoto ya mtu. Tuliona kilichompata mtu asiyesikia la wakubwa. Mpwa wangu alipofika hapo alikunja miguu akaipandisha juu ya kochi.

Rukh naye, yule ndege anayemficha mtu jua, ana asili ambayo haiko mbali na sisi. Marco Polo alipoieleza Madagaska alitaja ndege mwenye nguvu za kumnyanyua ndovu. Ndovu Bukini, yaani hiyo Madagaska, hakuna, na ndege wa namna hiyo hakuna, lakini mayai yapo. Aliishi huko ndege mkubwa asiyeruka ambaye wataalamu wanamwita Aepyornis, na yai lake lingeweza kuchukua zaidi ya lita 8, yaani zaidi ya mayai 100 ya kuku. Baharia aliyeliona yai la namna hiyo, au akalisikia likisimuliwa, hakuwa na haja ya kutunga sana. Wazee wetu waliokuwa wakienda Ngazija na Bukini walikuwa karibu na kiota cha Rukh kuliko mtu yeyote wa Baghdad.

Kuna wanaosema katuni hii ni ya polepole, haiwafai watoto wa leo. Sikubaliani nao hata kidogo. Mpwa wangu amezoea vitu vinavyopiga kelele na kubadilika kila sekunde, na hapa alikaa. Alikaa kwa sababu kipindi kinampa nafasi ya kuogopa. Wengine wanasema ina uchawi mwingi. Ni kweli, ila uchawi ni tegemeo la wabaya, na silaha ya Sindbad mara nyingi ni akili yake na watu walio naye. Mimi nitampa mtoto hiyo kabla sijampa shujaa anayezaliwa na nguvu za ajabu.

Sasa nirudi kwenye lile jambo. Babu yangu alisafiri na majahazi ya boriti ujanani mwake. Tulipokuwa tukiangalia, yeye alikaa nyuma yetu na kikombe chake cha kahawa. Majini na majitu hayakumshughulisha. Aliuliza kitu kimoja tu, na alikiuliza kila mara chombo kilipong'oa nanga: "Wanangu, hawa wanasafiri msimu gani?" Hakuna aliyemjibu. Yasmina alikuwa hatarini, nani angemsikiliza mzee?

Swali hilo ndilo lililonikaa safari hii. Katika katuni, chombo kinaondoka pale hadithi inapotaka kiondoke. Tanga linajaa, mawingu yanapita, tumefika. Bahari ya kweli haikuwa hivyo. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, ndiyo iliyovileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi inaanza kushika Aprili, ndiyo iliyovirudisha, na ikichachamaa katikati ya mwaka hakuna nahodha mwenye akili zake anayetoka. Baharia aliyefika Amu na tende, chumvi na mazulia alikuwa hana njia ya kuondoka kesho yake. Alikaa miezi. Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, alikwenda nalo hadi Zanzibar na kwenye delta ya Rufiji kupakia boriti, na alipoandika kitabu aliwaita mabaharia hao wana wa Sindbad. Maisha aliyoyaeleza ni ya kazi, deni, hesabu za faida na kungoja.

Na ushahidi mzuri kuliko wote umetoka kwa mtu aliyeamua kuirudia safari ya Sindbad yenyewe. Mwaka 1980 Tim Severin alitoka Oman kwa chombo kinachoitwa Sohar, kimeshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, sawa na mitepe iliyokuwa ikiundwa katika visiwa vyetu hivi mpaka ikatoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. (Nenda makumbusho pale ufukweni ukauone mfano wake, uangalie mbao zilivyoshikana kwa uzi, mtoto atauliza maswali yasiyokwisha.) Severin alifika Guangzhou mwaka 1981. Lakini baada ya kupita Sri Lanka upepo ulimkatikia, na yeye na mabaharia wake wakakaa majini wiki kadhaa wakisubiri kusi.

Kungoja huko ndiko kulikotuzaa. Nasema hivi kwa uzito wote. Nyumba za mawe za Amu zina daka la kuketi mlangoni na chumba cha sabule kwa ajili ya mgeni, na mgeni huyo mara nyingi alikuwa mfanyabiashara anayengoja pepo zigeuke. Katika miezi hiyo aliuza, alinunua, alishona tanga, aliswali safu moja na wenyeji, akajifunza kusema nao, akaoa. Nasaba nyingi za mji huu ukizifuata nyuma zinakufikisha kwa mtu aliyeshuka na kaskazi na kusi ikaondoka bila yeye. Ukiiondoa miezi ya kungoja, unabakiwa na chombo na majitu. Mji wenyewe hauna mahali pa kusimama. Sindbad wa katuni anashuka, anaona ajabu, anapanda, anakwenda zake. Wenyeji wanabaki ufukweni na hatujui usiku ule walikula nini.

Kitabu cha zamani, hicho cha Alfu Lela Ulela, kina kosa kubwa zaidi ya hilo, na mzazi anayekisoma kwa watoto alijue. Ndani yake, pale elimu ya wafanyabiashara wa Basra ilipokoma, ndipo walaji watu walipoanzia. Sisi wa upande huu wa bahari tulikuwa karibu sana na mpaka huo.

Ndiyo maana nakipenda kisa kimoja kinachopatikana katika Ajaib al-Hind, masimulizi ya mabaharia yaliyokusanywa na nahodha Buzurg bin Shahriyar katika karne ya 10. Chombo kilichotoka Oman kinatupwa na pepo hadi Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, katika mwaka 922. Mabaharia wanaamini wataliwa. Badala yake mfalme wa nchi anawapokea, anawaacha wafanye biashara bila kuwatoza kitu, na siku ya kuondoka anapanda chomboni mwenyewe na watu wake kuwaaga. Nahodha anamtazama mwenyeji wake, anapiga hesabu: huyu Oman atauzwa dinari thelathini. Anatweka tanga. Mfalme anauzwa.

Miaka inapita. Nahodha yuleyule, pepo zilezile, anatupwa tena mahali palepale. Anapelekwa mbele ya mfalme, na mfalme ni yuleyule. Naye anawasimulia. Aliuzwa kwa mtu wa Basra, huko akajifunza sala na Kurani. Akauzwa tena, akafikishwa Baghdad. Akatoroka na mahujaji hadi Makka, akashika njia ya Misri, akaufuata Mto Nile kupanda juu, akakamatwa akatoroka, akakamatwa akatoroka, mpaka akaiona nchi yake, na kiti chake hakijakaliwa na mtu. Anawaambia amewasamehe, kwa sababu wao ndio waliokuwa sababu ya yeye kusilimu. Wauze, wanunue, waende salama. Ila kupanda chomboni kuwaaga, hapo anasema haiwezekani.

Nilimsimulia mpwa wangu kisa hiki usiku tulipomaliza kipindi cha mwisho. Alikaa kimya, kisha akauliza: "Mjomba, na nahodha alisema nini?" Kitabu kinasema kidogo sana juu ya hilo. Mimi nimelifikiria swali lake tangu siku ile, kwa sababu hapo ndipo mchoraji mzuri angepata kazi: sura ya mtu anayesamehewa na yule aliyemuuza.

Pwani hii ina vijana wanaochora kwa kompyuta, na wanachora vizuri. Kwao nasema: Sindbad muangalieni, mjifunze namna anavyompa mtoto nafasi ya kuogopa na kucheka ndani ya dakika ishirini na kitu. Kisha mchoreni mfalme wa Sofala. Mchoreni pia nahodha aliyekwama Amu miezi minne na mwenye nyumba aliyemfungulia sabule, waanze kwa kutoaminiana, wamalize wakiwa wakwe. Na chombo kikitoka bandarini kwenye kipindi chenu, pepo ziwe zimegeuka kweli, ili mzee aliyeketi nyuma na kahawa yake asiwe na la kuuliza.