Kingamwili za LDL iliyochacha: tuziogope?

Mtu mzima wa afya akipimwa damu, si ajabu kumkuta na kingamwili, yaani protini za kinga, zinazonasa vitu vya mwili wake mwenyewe. Shabaha mojawapo ni LDL, chembe inayosafirisha kolesteroli, pale mafuta yake yanaposhambuliwa na oksijeni na kuchacha.

Wanaoziona kuwa dalili mbaya wana hoja nzito. LDL iliyochacha humezwa na seli nyeupe ziitwazo makrofaji kwenye ukuta wa ateri, zikajaa mafuta na kubaki humo humo. Mwaka 1992 Salonen na wenzake walionyesha, katika jarida la Lancet, kwamba wanaume wa Finland ambao ateri za shingo zao ziliharibika haraka ndio waliokuwa na kingamwili nyingi zaidi.

Sawa, ila kukutwa penye uharibifu si kuuleta. Mwaka 2003 watafiti walichanja panya dhidi ya nimokoka, bakteria wa nimonia. Kingamwili zilizoongezeka zilinasa bakteria na LDL iliyochacha vilevile, kwa sababu vyote viwili vina fosfokolini, molekuli ndogo ambayo kingamwili hizo huitambua, na ateri za panya hao zikapata madhara kidogo. Ugunduzi huo hunivutia kila ninapoufikiria: silaha moja, maadui wawili wasiojuana.

Kwangu mimi, ubishi mwingi unatokana na kuchanganya aina mbili za kingamwili, IgM na IgG. IgM nyingi za namna hii tunazo hata kabla ya kukutana na kijidudu chochote, kazi yake ikiwa kuondoa mabaki ya seli zilizokufa. Tafiti nyingi huzihusisha na ateri nzima. IgG ndizo zenye majibu yanayogongana. Tena kipimo hupotosha: kingamwili iliyokwisha kushikana na LDL huweza isihesabiwe, hivyo namba ndogo yaweza kumaanisha kazi inaendelea.

Kukimbilia vidonge vya kuzuia uoksidishaji, yaani huko kuchacha, nako hakujasaidia. Jaribio la HOPE, mwaka 2000, liliwapa vitamini E watu walio katika hatari kubwa ya moyo, miongoni mwa washiriki zaidi ya 9,000. Mishtuko ya moyo haikupungua.

Kwa hiyo mtu mwenye afya akiletewa namba moja ya kingamwili hizi, aulize kwanza ni IgM au IgG, kisha atazame kiwango cha LDL yenyewe. Hicho ndicho chenye ushahidi wa kutosha kuamulia matibabu.