Dakika 13 za Hasheem: nani anamkuza kinda, benchi au uwanja?

Kila msimu wa NBA ukianza, ubishi wa mashabiki wa kikapu Dar es Salaam huanzia Oklahoma City au San Antonio na kuishia Makongo. Mmoja atalalamika kwamba kinda fulani aliyechaguliwa mapema kwenye drafti (uchaguzi wa makinda wa kila mwaka, ambapo timu dhaifu hupata nafasi kubwa ya kuchagua mapema) anasugua benchi. Mwingine atamjibu kwamba benchi ndiko anakostahili. Haipiti muda utasikia: "Ndivyo walivyomfanyia Hasheem." Hapo mada imeshabadilika na sauti zimeshapanda.

Kwa wadogo zetu ambao hawakuwa wakifuatilia wakati huo: Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar aliyesoma Makongo na kuanza kikapu akiwa na miaka 15 hivi, alichaguliwa wa pili katika drafti ya 2009 na Memphis Grizzlies. James Harden alikuwa wa tatu. Stephen Curry alikuwa wa saba. Wote wawili baadaye wakawa nyota wakubwa wa ligi. Msimu wake wa kwanza Hasheem alicheza wastani wa dakika 13 kwa mchezo, akipata pointi 3.1 na ribaundi 3.6. Februari 2010 alishushwa kwenda D-League, ligi ya chini ya NBA ya kukuzia wachezaji, katika timu ya Dakota Wizards, na hadi siku hiyo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi kile aliyewahi kushushwa huko. Mwaka mmoja baadaye akapelekwa Houston kwa mabadilishano, kisha Portland, kisha Oklahoma City, na msimu wa 2013-14 ukawa wake wa mwisho katika ligi hiyo.

Kambi ni mbili. Moja inasema "mpeni dakika", nyingine inasema "dakika zinatafutwa". Zote zina hoja za maana, na zote zina uvivu wao.

Kambi ya kwanza inaanza na alichokifanya chuoni. Msimu wake wa mwisho Connecticut alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2, na timu ikafika nne bora ya Marekani nzima. Mtu wa futi 7 na inchi 3 aliyeanza mchezo akiwa tayari kijana mkubwa, ni wazi bado alikuwa anajifunza. Memphis walilijua hilo. Walijua pia kwamba senta, yule mrefu wa kulinda ringi, wanaye, Marc Gasol, na kiangazi kile kile wakamleta Zach Randolph. Sasa kwa nini umchukue kijana wa kufundishwa halafu umfundishe kwa dakika 13?

Hoja hii inapata uzito ukiangalia kazi yenyewe ya senta. Chukua tendo moja tu. Gadi wa wapinzani anakuja na mpira, mwenzake anamwekea skrini, yaani anasimama njiani kumzuia mkabaji, na aliyekuwa anamkaba ananasa. Senta amebaki na watu wawili mbele yake. Akimfuata mwenye mpira, yule aliyeweka skrini anageuka na kukimbilia ringi peke yake. Akibaki chini ya ringi, mwenye mpira anatupa bila bughudha. Uamuzi huo ni wa kufumba na kufumbua, na unarudi tena na tena usiku mzima. Miguu ikichelewa kidogo, mkono ndio unaojaribu kufidia: faulo. Faulo mbili za haraka na kocha anamwita nje, anakaa chini na taulo shingoni, na kitu pekee alichoondoka nacho uwanjani ni woga wa faulo ya tatu. Huwezi kuyafuta makosa ya namna hiyo mazoezini, kwa sababu mazoezini wenzako unawajua watakachofanya.

Kambi ya pili haipendi hadithi hii, na mimi nadhani ina haki ya kutoipenda. Memphis ile haikuwa timu ya kufungwa tu. Msimu wa 2009-10 ilishinda michezo 40 na kupoteza 42, ilikuwa inapanda. Gasol na Randolph walikuwa wanaibeba. Kila dakika ya Hasheem ilikuwa dakika anayonyimwa mtu anayeweza zaidi yake.

Halafu kuna jambo ambalo huku kwetu halitajwi kabisa kwenye ubishi huu. Februari 2011 Memphis walipompeleka Hasheem Houston, mtu mkuu waliyempata katika mabadilishano yale alikuwa Shane Battier, mkongwe mlinzi, asiye na mbwembwe. Miezi miwili baadaye Memphis waliingia mtoano wakiwa wa nane upande wa Magharibi, wakakutana na San Antonio Spurs waliokuwa wa kwanza. Mchezo wa kwanza, zikiwa zimebaki kama sekunde 24, mpira ukamfikia Battier nje ya mstari wa pointi tatu, akatupa, ukazama. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa mtoano katika historia ya klabu hiyo, na Spurs wakatolewa kwa michezo 4-2. Shabiki wa Memphis ukimwambia walimwonea Hasheem atakuuliza wewe ungefanya nini.

Kwa hiyo swali la kama alionewa halina jibu linaloweza kuwaridhisha watu wa Dar na watu wa Memphis kwa pamoja. Swali la jinsi kinda anavyokua, hilo linajibika kidogo, kwa sababu miaka ya karibuni imetupa mifano mingi.

Kambi ya "mpeni dakika" kwa sasa inatembea kifua mbele kwa sababu ya Oklahoma City Thunder. Msimu wa 2020-21 walishinda michezo 22 kati ya 72, uliofuata 24 kati ya 82. Vijana wakaachwa wacheze na wakosee. Kisha 40, kisha 57, kisha 68, na Juni 2025 wakawa mabingwa baada ya kuifunga Indiana Pacers katika mchezo wa saba. Inapendeza kuisimulia hivyo. Tatizo ni kwamba nyota wa hadithi hiyo, Shai Gilgeous-Alexander, hakulelewa hivyo. Mwaka wake wa kwanza aliucheza Los Angeles Clippers, timu iliyoshinda michezo 48 na kuingia mtoano, akianza karibu kila mchezo katikati ya watu wazima. Mwaka wa pili, Oklahoma City, alicheza bega kwa bega na Chris Paul, na hapo tena wakaingia mtoano. Miaka ya kufungwa ilipofika, kijana alikuwa ameshajua mchezo wa ushindi unachezwaje. Waliokulia kwenye vipigo ni wengine, na wengi wao hatuwakumbuki majina.

Philadelphia ndiyo picha ya upande wa pili wa mkakati huo wa kukubali vipigo ili kukuza vijana. Kati ya 2013 na 2016 walishinda michezo 19, kisha 18, kisha 10, wakikusanya nafasi za juu za drafti. Wakampata Joel Embiid, mchezaji mkubwa kweli. Wakampata pia Jahlil Okafor, wa tatu mwaka 2015, ambaye dakika alipewa tele na bado hakudumu. Raundi ya pili ya mtoano imebaki kuwa ukuta wao.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Detroit Pistons, kwa sababu unawaudhi wote. Msimu wa 2023-24 walikuwa na vijana kila kona, wakiongozwa na Cade Cunningham, na wakafungwa michezo 28 mfululizo, wakamaliza na ushindi 14. Ukiangalia dakika, makinda walikuwa nazo. Msimu uliofuata akaja kocha mpya, J.B. Bickerstaff, na wakongwe kama Tobias Harris na Tim Hardaway Jr., watu ambao hakuna mtoto anayebandika picha zao ukutani. Ushindi 44. Cunningham yule yule, safari hii akacheza mchezo wa nyota. Dakika zake ziliongezeka kidogo tu. Aliongezewa watu waliosimama walipotakiwa kusimama, kwa hiyo pasi yake nzuri ikawa pointi, na pasi yake mbaya ikajulikana kuwa ni yake.

Chris Paul tena: San Antonio walipokuwa na Victor Wembanyama mwaka wa kwanza walishinda michezo 22 tu, na mwanzoni mwa msimu walijaribu hata kumgeuza Jeremy Sochan, mchezaji wa mbele, kuwa mpandisha mpira. Mwaka uliofuata wakamsajili Paul, mzee wa miaka 39, akaanza michezo yote 82. Ushindi ukawa 34. Mtu mzima wa namna hiyo haonekani kwenye bango la klabu, lakini mshahara wake mimi ningeuandika kwenye fungu la elimu.

Je, basi kinda awekwe tu kwenye timu ya mabingwa na atakua? Hapana, na Golden State Warriors wanatuonyesha. James Wiseman, wa pili mwaka 2020, alikaa katikati ya Curry na Draymond Green, watu wanaojua kila kitu, na Februari 2023 akaondoka bila kuwa mchezaji waliyemtarajia. Goti lilimla msimu mzima, ni kweli, lakini alikuja akiwa amecheza michezo mitatu tu ya chuo. Klabu ile ile ilikuwa na Jordan Poole, wa 28 mwaka 2019, ambaye mwanzo wake ulikuwa wa kutia huruma. Mapema 2021 wakamshusha ligi ya chini, akacheza huko akiwa na mpira mkononi kila siku, akarudi mtu mwingine, na 2022 akawa bingwa mwenye wastani wa pointi 18.5.

Hapo ndipo ninaposimama kuhusu Hasheem. Kosa silioni kwenye dakika 13. Naliona kwenye namna alivyoshushwa: kwa muda mfupi, kwa aibu, huku magazeti yakiandika rekodi mbaya. Kijana aliyeanza kikapu na miaka 15 alihitaji misimu miwili kamili huko chini, michezo kwa michezo, akipata faulo sita bila mtu kuandika chochote. Mwaka 2010 kushushwa kulikuwa adhabu. Mwaka 2021 kulikuwa ratiba ya kazi.

Kambi zote mbili zinaharibiwa pia na namna tunavyotazama. Mchezo wa saa moja na nusu usiku wa New York, majira yao ya baridi, huku kwetu ni saa tisa na nusu usiku. Wachache wanaamka. Wengi tunaona muhtasari wa dakika kumi kwenye simu, ndani ya daladala, bando likiruhusu. Muhtasari unaonyesha yosso akizamisha mpira kwa mikono miwili, hauonyeshi mara saba alizosahau kurudi kukaba. Anayesema "mpeni dakika" mara nyingi ameona muhtasari. Anayesema "hajui" mara nyingi ameona jedwali la matokeo tu, ambalo nalo halikuambii nani aliachwa peke yake na watu wawili.

Na ubishi huu tunao nyumbani, ingawa tunaufanya kama ni wa Marekani. Klabu ya hapa ikisajili wageni ili ifike mbali Afrika, tunapiga makofi wakishinda na kuuliza vijana wetu wako wapi wakifungwa. Wakati huo huo, nenda jioni kwenye uwanja wowote wa mjini, uwe wa Kidongo Chekundu, pale JMK Park, uwe wa Oysterbay. Sheria ya uwanja ni moja: anayefungwa anatoka. Wakubwa wakishatoka kazini wanaingia, na mtoto wa miaka 13 anakaa pembeni akidunda mpira wa mwenzake mpaka giza linaingia. Sheria hiyo inazalisha wapiganaji, sikatai. Inamnyima pia mchezo yule anayeuhitaji kuliko wote, yule anayekua ghafla na miguu yake bado haijamzoea.

Ningekuwa na kauli kwenye ligi ya mkoa ningeanza na kanuni moja: kabla ya mechi ya wakubwa, vijana wa chini ya miaka 16 wa klabu hizo hizo wacheze, waamuzi wale wale, meza ya kumbukumbu ile ile, faulo zikihesabiwa. Gharama yake ni saa moja na nusu ya uwanja na nauli ya watoto kumi na wawili kila upande. Klabu zitakazopinga ni zile zisizo na vijana wa kuwapanga, na ningependa zipewe kipaza sauti zieleze sababu zao mbele ya mashabiki.