Ndege Wana Kisasi na Mimi

Hivi hawa ndege huwa wanaambizana kwamba nakuja kuwapiga picha? Mdiria katulia kwenye tawi kama bibi harusi. Nazima injini ya gari ili lenzi ya milimita 400, ile ndefu ya kuvuta vya mbali, isitikisike, nashusha kioo taratibu, nabana pumzi... pruu! Nimebaki na picha ya tawi. Tawi lenye kinyesi!

Ukimpata aliyetulia, mwenzako anafunga mlango kwa kishindo: “Yuko wapi? Yuko wapi?” Alikuwepo, ndugu yangu. Alikuwepo!

Wanaokubali kukaa nao wanakupa mgongo. Nina makalio ya ndege ya kujaza makumbusho.

Na siku kamera imebaki nyumbani je? Weee! Tai anatua mbele ya gari, anakunjua mabawa, anakukodolea macho. Unapiga kwa simu, unapata kidoti cheusi. Umewahi kumwapia mtu kwamba kidoti ni tai?