Figo zikifeli utumbo nao unaumia? Tupime pande zote

Madaktari wa figo wana hoja kwamba mtu ambaye figo zimefika hatua ya 5, yaani ya mwisho, kiwango cha kuchuja damu kimeshuka chini ya mililita 15 kwa dakika, ana hatari zaidi ya utumbo kuvimba na kuchubuka ndani kuliko mwenye figo nzima. Wengine wanasema figo ndo chanzo, wengine wanasema ni dawa na msosi na mambo yanayoambatana na ugonjwa wenyewe. Kwetu huku Mbeya na Iringa hii inatuhusu sana, maana utakachoamini ndo kitaamua mgonjwa wako unampikia nini na ukienda duka la dawa unamnunulia nini.

Wanaosema figo wana hoja nzito. Figo zikishindwa kutoa urea, ile taka inayobaki mwili ukitumia protini, kwenye mkojo, inajaa kwenye damu, nyingine inapenya mpaka ndani ya utumbo, na huko kuna bakteria wanaoivunja inakuwa amonia, amonia inauchoma ule utando, pale seli zinaposhikana panalegea, basi sumu na mabaki ya bakteria yanavujia kwenye damu na mwili unakaa kwenye vita muda wote. Haohao bakteria wanazalisha malighafi za sumu nyingine kama indoksili salfeti, ambayo hata mashine ya kusafisha damu inaitoa kwa shida kwa sababu imeng'ang'ania protini za damu. Haya yameonekana maabara, kwa wanyama na kwa seli za utumbo, siyo maneno ya vijiweni.

Ila ya maabara peke yake hayatoshi kusema mgonjwa wa Mbozi au Mafinga kaumwa utumbo kwa sababu hiyo. Mtu anayesafishwa damu anatakiwa awe hospitali kama mara tatu kwa wiki, anaulizwa, anapimwa, kwahiyo tatizo la tumbo ambalo mkulima mwenzake angekaa nalo nyumbani yeye linaandikwa. Alafu kuna dawa. Antibayotiki za mara kwa mara zinavuruga bakteria wazuri, na ile dawa ya unga ya kushusha potasiamu, madini ambayo figo mbovu zinashindwa kuyatoa, imeshaua sehemu ya utumbo kwa baadhi ya wagonjwa, hasa ikichanganywa na sobitoli, dawa ya kulainisha choo. Diklofenaki na ibuprofeni ndo zinaniuma roho kabisa, kwa sababu zinaumiza figo na zinachubua utumbo, yaani mtu anameza miaka kwa ajili ya mgongo na magoti, mwisho anakuwa na magonjwa yote mawili na sisi tunakaa kubishana lipi limeleta lingine. Na njia inaweza kugeuka pia, mwenye ugonjwa wa Crohn, yaani utumbo kuvimba kwa muda mrefu, anaweza kupata mawe ya oksaleti kwenye figo, na mesalazini anayotibiwa nayo utumbo inaweza mara chache kuvimbisha figo.

Sasa msosi, hapa ndo pana uzito kwetu. Mgonjwa wa figo akiwa na potasiamu juu anaambiwa apunguze ndizi, viazi, maharage, parachichi. Angalia hiyo orodha, hiyo ni Rungwe nzima, ni Njombe nzima! Familia inaogopa inaondoa vyote inamwachia mama wa watu ugali wa sembe na wali mweupe, maji nayo kapunguziwa, anameza na vidonge vya madini ya chuma, choo kinafunga siku kadhaa, na bakteria wakikosa nyuzinyuzi wanahamia kwenye protini na kuzalisha zile sumu kwa wingi zaidi. Kwa hiyo kitu ambacho kwenye karatasi kinasomeka kama figo kuumiza utumbo, kwa sehemu kubwa kinaweza kuwa ni sahani tulioipakua wenyewe tena kwa upendo. Viazi ukimenya ukakata vidogo ukachemsha kwenye maji mengi ukamwaga yale maji, potasiamu inapungua sana, na kabichi ya kuchemsha haina potasiamu nyingi. Kiasi cha kula apange mtaalamu wa lishe kwa kuangalia vipimo vya damu, lakini kufuta kila kitu siyo tiba jamani.

Mimi naegemea huu upande wa pili, siyo kwamba ule wa amonia ni uongo, ila dawa za maumivu, choo kigumu na sahani tunaweza kuvigusa leo hii. Hapohapo nawapinga wanaosema basi tumbo la mgonjwa wa figo ni la kawaida tu. Huku kwetu mtu akiharisha damu wanawaza amiba kwanza, na ni sawa apimwe, TB ya utumbo nayo ipo, ila kwa anayesafishwa damu kuna hatari nyingine. Presha ikishuka akiwa kwenye mashine utumbo unaweza kukosa damu, akaumwa tumbo vibaya masaa machache baadaye na kutoa choo chenye damu, na hiyo haisubiri zamu yake nyingine ya mashine, anapelekwa hospitali muda huohuo hata kama ni usiku, na wakifika wataje kwamba anasafishwa damu na mara ya mwisho ilikuwa lini.