Mnabishania toleo lipi?
Kinachokera kwenye ubishi wa filamu bora za miaka ya 1980 ni watu kurushiana maneno saa nzima bila kutaja toleo. Chukua Once Upon a Time in America ya Sergio Leone, 1984. Huko kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, ilioneshwa ikiwa na dakika 229. Marekani wakaikata hadi 139, tena wakayapanga upya matukio kwa mfuatano wa miaka, utoto kwanza, uzee mwisho. Ule mrukoruko wa kumbukumbu, ambao ndio roho yake, ukafa. Aliyeona hiyo fupi akisema ni mbovu, ana haki kabisa!

Blade Runner ya 1982 nayo ina sauti ya Deckard, mhusika mkuu, ikisimulia, na mwisho wa kufurahisha. Toleo la 1992 liliondoa vyote viwili, likaongeza ndoto ya farasi mwenye pembe moja. Ndoto hiyo ndiyo inayotia shaka kama Deckard mwenyewe ni binadamu au kiumbe wa kutengenezwa. Sasa utabishana nini na mtu ambaye hakuiona?

Halafu kuna wanaochomeka filamu ya Alien kwenye ubishi huu wa miaka ya 1980. Jamani, hiyo ni ya 1979!