Sasa Nini, Dada?

Chanzo cha yote ni Mami. Tulieni kwanza, si mami mnayemfikiria. Kwa watu wa Mylapore, mtaa wa Chennai nilikopanga chumba nikiwa mwanafunzi, mami ni mama mtu mzima wa kuheshimiwa. Huyu wangu alikuwa na miaka sabini na kitu, anakaa ghorofa ya chini, anafundisha uimbaji wa Karnatiki, muziki wa jadi wa India ya kusini. Hayo nilikuwa nayajua mimi. Mama yangu, kule Tanga, alichosikia kwenye simu ni hiki: "Jioni sipatikani, mama. Nakuwa kwa Mami." Akanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza kama bado naswali.

Nami sikwenda kwa unyenyekevu. Nimekulia kwenye taarabu, na nimeshaimba kwenye harusi mbili (ya tatu niliambiwa ukumbi umejaa). Siku ya kwanza nikamwimbia Mami kipande, nikaivuta sauti, nikaizungusha, mwishoni nikaitetemesha kama ninavyojua. Mami akasikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya, sema sa."

Nikasema sa, ambayo kwao ni noti ya kwanza.

"Usiitikise."

Wiki nzima nilikuwa nasema sa.

Wanafunzi wenzangu walikuwa sita, mkubwa wao ana miaka tisa. Tunakaa chini kwenye mkeka, miguu tumeikunja, na mimi ndani ya dakika kumi nilikuwa sina miguu tena. Watoto wakaniita Anna. Kwa Kitamil Anna ni kaka, na ni heshima. Lakini jamani, mwanamume wa Tanga mwenye ndevu zake, kila akikosea sauti saba zinapaza kwa pamoja: "Anna! Anna!" Ya saba ni ya Mami mwenyewe, aliyeambukizwa.

Masomo ya mwanzo huko hayachaguliwi. Wanasema aliyeyapanga ni Purandara Dasa, aliyefariki mwaka 1564, na mpaka leo wengi huanzia kwenye raga moja (raga ni mpangilio wa noti), Mayamalavagowla. Nilipoisikia nikatabasamu, maana kati ya ri na ga, noti ya pili na ya tatu, kuna mruko ambao mpiga taarabu angeuita hijazi, kama ule wa nyimbo za Kiarabu, bila kuuliza mtu. Nikataka kumwambia Mami kwamba hii sisi tunayo. Nikaona nisubiri kwanza niruhusiwe kutikisa sa.

Na mdomo ndio ulikuwa kazi nyepesi. Kazi ilikuwa mkono. Unapiga kofi kwenye paja, kisha unagusa kidole cha mwisho, cha pete, cha kati, kofi, unageuza kiganja, kofi, unageuza. Hayo ni mapigo manane, yanaitwa tala ya Adi, na hayasimami kwa lolote. Halafu wimbo uleule unauimba kwa kasi tatu huku mkono haubadiliki. Fikiria daladala moja, mwendo uleule: safari ya kwanza kila kiti abiria mmoja, ya pili wawili, ya tatu wanne. Dereva, ambaye ni mkono wako, hatakiwi hata kugeuka. Mimi kufika safari ya tatu abiria wote walikuwa wananing'inia mlangoni.

Basi, tukafika kwenye janta. Janta ni mapacha: kila noti inaimbwa mara mbili. Mami akaniandikia kwenye daftari: sa sa ri ri ga ga ma ma pa pa da da ni ni sa sa. Someni wenyewe. Sasa ishukeni ngazi: sasa nini dada papa, mama gaga riri sasa.

Nilicheka peke yangu mpaka yule wa miaka sita akaniletea maji.

Tatizo lenyewe halikuwa kicheko. Kwenye janta, pacha wa pili ndiye anayesukumwa kwa nguvu: saSA, niNI. Kinywa cha Mswahili hakitaki. Sisi uzito tunauweka nyuma kidogo, tangu tunanyonya: MAma, DAda, NIni. Mami akisema "ya pili, Anna, ya pili!" mimi natoa NIni safi, kama niliyeitwa na mtu barabarani.

Ikafika Vijayadashami, siku ambayo huko watu huwaanzisha watoto masomo, na wanafunzi huwapelekea walimu wao sinia la tambuu, popoo, ndizi na nazi, vitu ambavyo bibi yangu angevitaja vyote macho kafumba. Sebule ya Mami ilijaa wazazi. Kila mwanafunzi aimbe kidogo. Ile sauti ya tambura inayovuma nyuma ya mwimbaji tuliiweka kwenye programu ya simu, na simu ilikuwa yangu.

Nikaanza. Kupanda nikapanda vizuri. Nafika juu, najiandaa kushuka, mvumo wa tambura ukakatika na simu ikaanza kuita. Saa tano asubuhi Chennai, Tanga saa mbili na nusu: wakati wa mama kunisalimia. Mtoto aliyekaa karibu nami, kwa wema wake, akabonyeza kuizima. Akapokea. Kwa spika.

Na sheria ya Mami naijua: mkono hausimami kwa lolote.

"Sasa, nini..." nikaimba.

"Nini ndiyo nini?" mama akauliza. "Mimi mama yako!"

"Dada, papa..."

"Dada yako hajambo, yuko jikoni. Papa wa nini? Huko wanakula papa?"

"Mama, gaga..."

"Nani anagaagaa? Mimi? Wewe mtoto, ni huyo Mami, eeh? Amekupa nini?"

"Riri, sasa."

Nikamaliza kwenye pigo la nane, naapa. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, aliyekuwa akihesabu tala pajani pake muda wote, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nadhani alidhani tumepangiwa kupokezana.

Mami akanyoosha mkono, nikampa simu. Nilidhani ataomba radhi. Badala yake akaisogeza mdomoni akasema, polepole, kwa sauti ya darasani:

"NiNI."

"Nini?" akajibu mama.

"Hapana. NiNI."

"Ndiyo nakuuliza wewe, nini?"

"NiNI!"

"Nini, mama, nini?"

Walikwenda hivyo nadhani tala mbili nzima, wazazi wote kimya, wale watoto sita wakimhesabia mama yangu kwa vidole. Mwishowe Mami akanirudishia simu, akanitazama kama daktari aliyepata majibu ya vipimo.

"Kumbe ni la ukoo," akasema. Kisha akanionyesha mahali pangu pa zamani kwenye mkeka, pembeni ya yule wa miaka sita. "Anna. Sema sa."

Mama alikuwa bado hajakata simu. Akaitangulia sauti yangu yeye, kutoka Tanga, wazi kabisa, na Mami akasema hiyo ndiyo sa.